Nilivyosambaza seva za majina hadi Busia kwa laini nyembamba

Seva ya majina (DNS) ndiyo inayotafsiri jina la kompyuta kuwa anwani ya IP. Kabla ya kugusa seva yoyote nilipiga hesabu ya data yenyewe. Zoni yetu ya ndani, yaani orodha ya majina na anwani zake, ilikuwa na rekodi 3,000 hivi. Ukiihamisha nzima, rekodi moja hula takriban baiti 50, kwa hiyo mzigo wote ni kilobaiti 150. Laini ya Busia ni kilobiti 256 kwa sekunde, yaani kilobaiti 32. Zoni nzima inafika kwa sekunde tano, tuseme kumi watu wakiwa kazini. Basi wembamba wa laini si tatizo. Tatizo ni kukatika: mvua ya alasiri ya ukanda wa ziwa, stima kupotea, na fundi kutofika hadi Jumatatu.

Awali kila kompyuta ya tawi iliuliza majina Nakuru, kwenye seva kuu. Laini ikikatika, hata printa ya chumba cha pili haikupatikana, maana hakuna wa kutafsiri jina lake. Nikaweka seva nakala katika kila tawi, mashine ndogo yenye BIND, programu ya seva ya majina. Kisumu inachukua zoni kutoka Nakuru. Busia, Siaya na Homa Bay zinachukua Kisumu, Nakuru ikiwa ya pili kwenye orodha. Ngazi ya tatu sikuiongeza, kwa sababu kila ngazi huongeza kuchelewa.

Namba za rekodi ya SOA, inayobeba nyakati na namba ya toleo la zoni, ndizo zilizonila muda. Muda wa zoni kuisha, yaani nakala kukubalika bila kuifikia seva inayoitoa, ulikuwa sekunde 86400, siku moja tu. Laini ikikatika Ijumaa jioni, Jumamosi jioni seva ya tawi inaanza kujibu SERVFAIL (seva imeshindwa) kwa kila jina, na data yote ingali kwenye diski! RFC 1912, hati ya mwongozo wa DNS ya mwaka 1996, inapendekeza wiki mbili hadi nne. Nilichukua nne: 2419200. Kukagua upya niliweka saa nne (14400), kujaribu tena dakika 15 (900), na jina lisilokuwepo likumbukwe dakika tano tu (300). Saa nne si nyingi, kwani mabadiliko hayangojei ukaguzi. Seva kuu hutuma NOTIFY, taarifa ya mabadiliko, mara zoni inapobadilika. Ukaguzi ni wa siku ile NOTIFY imepotea njiani.

Seva za matawi sikuziandika kwenye rekodi za NS, zinazotaja seva za zoni. Ukiziandika, seva nyingine ya Nakuru inaweza kwenda kuuliza Busia kwa laini ileile unayoilinda. Lakini NOTIFY kwa kawaida huenda kwa walio kwenye NS, kwa hiyo Kisumu niliweka also-notify yenye anwani za matawi matatu, pamoja na notify explicit ili isimtumie mwingine.

Ukihariri faili la zoni kwa mkono, BIND haina kumbukumbu ya kilichobadilika, hivyo hutuma zoni nzima hata kwa rekodi moja. Mstari ixfr-from-differences yes kwenye seva kuu unamaliza hilo: hutumwa tofauti tu.

Kosa linalouma zaidi ni dogo: kusahau mstari wa file kwenye zoni ya seva nakala. Bila huo, nakala inakaa kwenye RAM tu. Stima ikipotea na laini pia, mashine inawaka ikiwa tupu. Jaribu mwenyewe kabla ya kuondoka tawini: chomoa kebo ya mtandao, washa upya seva, kisha uliza jina.

Busia ilionyesha dalili nyingine. Swali la SOA lilijibiwa papo hapo, ila uhamisho ulianza kisha ukaganda. Swali dogo hupita kwa UDP. Uhamisho hutumia TCP bandari 53 na pakiti zilizojaa, na njia ya VPN ilibeba baiti 1400 tu huku ruta moja ikizuia ujumbe wa ICMP unaoonya kuwa pakiti ni kubwa mno. Pima kwa ping -M do -s 1372 (vichwa vya pakiti huongeza 28, jumla 1400), kisha 1373. Ya kwanza ikipita na ya pili ikakwama, ndilo hilo. Nilibana MSS, kikomo cha data katika pakiti moja ya TCP, kuwa 1360 kwenye ruta, ikaisha.

Uhamisho nimeufunga kwa ufunguo wa TSIG (siri ambayo seva mbili hutambuana kwayo), na TSIG haivumilii saa zikipishana zaidi ya sekunde 300. Mashine kuukuu yenye betri ya CR2032 iliyokufa huamka na tarehe ya kale, na uhamisho hukataliwa kwa BADTIME. Badilisha betri, na kwenye NTP (huduma ya kulinganisha saa) ya tawi andika anwani ya IP, si jina. Seva ya majina isitegemee jina ili ijue saa.

Siriali nayo, ile namba ya toleo la zoni: mtu akiandika 2042061201 badala ya 2024061201, matawi yatapuuza kila toleo linalofuata kwa kuliona la zamani. Kwa kuwa seva zote ni zetu, nilisahihisha Nakuru kisha nikaendesha rndc retransfer, amri ya kuvuta zoni nzima upya, Kisumu kwanza, halafu matawi.

Kompyuta za tawi hupewa na DHCP (inayogawa mipangilio ya mtandao) anwani ya seva ya majina ya tawi, kisha ya Kisumu. Usiweke 8.8.8.8, seva ya umma ya Google, kuwa ya pili: itajibu kwamba jina la ndani halipo, na kompyuta itaiamini.

Kila dakika kumi skripti ya Nakuru inauliza SOA kwa dig +norecurse kwenye seva zote. Siriali zikitofautiana kwa zaidi ya saa nne, naangalia ruta kwanza, BIND baadaye.