Kitambaa cha sare: uliza kilifumwa wapi

Pamba nyingi ya Uganda huuzwa nje ikiwa marobota, baada tu ya kutolewa mbegu. Kazi za kusokota uzi, kufuma na kutia rangi huondoka nayo, na hizo ndizo zilizoijaza watu Jinja enzi za Nytil, kiwanda cha nguo kilichotegemea umeme wa bwawa la Owen Falls. Inaniuma.

Basi ukinunua sare za shule, lebo ya "Made in Uganda" haitoshi: huenda zimeshonwa tu hapa kwa kitambaa cha nje. Alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, nayo huthibitisha ubora, si asili. Muulize muuzaji jina la kiwanda kilichofuma, na uone pindo la jora. Mara nyingine huchapwa hapo.

Kisha, ili ujue kama ni pamba kweli, chomoa nyuzi mbili, moja ya urefu na moja ya upana, uzichome. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Choma nyuzi zote mbili, maana kitambaa cha mchanganyiko hudanganya.

Pamba tupu husinyaa. Ifue na kuianika kabla fundi hajakata, la sivyo suruali itapanda vifundoni.