Tromboni ikiimba

Jamani, jana nilikaa ukumbini kusikiliza okestra ya ala za kupuliza tupu, fidla hata moja hakuna, wakapiga Konseto ya Tromboni, yaani utungo wa mpigaji mmoja akisindikizwa na okestra, ya mtunzi Mrusi Rimsky-Korsakov. Mimi nimekulia tromboni za matarumbeta ya harusi Dar, zinanguruma juu ya pikapu mpaka mtaa mzima unatoka nje. Sikujua inaweza kubembeleza hivi!

Sehemu ya kwanza ni mbwembwe, sawa. Iliyonimaliza ni ya pili, Andante cantabile, yaani taratibu na kama kuimba. Tromboni haina vibonyezo kama tarumbeta. Mpigaji anasogeza bomba kwa mkono, mahali saba, na sikio lake ndilo linaloamua sauti ikae wapi. Kuunganisha noti bila kuzikata wala kuziburuza kilevi kunataka ulimi na pumzi hasa. Dada aliyepiga alizipitisha kama anapiga pasi hariri. Halafu okestra ikanyamaza, akabaki peke yake na kadenza yake, kile kipande cha kuonyesha ufundi. Nilisahau hata kupiga picha.

Rimsky-Korsakov aliiandika mwaka 1877, akiwa mkaguzi wa bendi za jeshi la majini la Urusi, ndiyo maana haina fidla. Na hakukisia tu: alishajifundisha mwenyewe kupuliza ala hizo.

Sehemu ya tatu, ya mwendo wa gwaride, kwangu waliikimbiza mno. Ila yote ni kama dakika kumi tu, huchoki. Mwenye rekodi nzuri aniwekee hapa chini, tafadhali, hasa ya ile sehemu ya pili.