Sura ya Saba Imekwama Handeni

Wiki mbili zilizopita nilikuwa tayari kutamba kwamba riwaya imefika nusu. Sura tisa kati ya kumi na nane, na kaunta buku ya tatu inaelekea mwisho. Leo nina sura nane, na pale palipokuwa na sura ya saba pana shimo. Mchawi ni treni.

Kwa msionijua, nina duka dogo la steshenari hapa Ngamiani, Tanga. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, napiga picha za pasipoti. Riwaya naiandika kati ya mteja na mteja, nyuma ya karatasi zilizoharibikia kwenye mashine, halafu usiku naihamishia kwenye kaunta buku. Ukurasa mmoja wa sura ya nne una nusu ya mkataba wa kupanga chumba upande wa pili, na nakiri kwamba mwenye nyumba wa kwenye mkataba ule kanipa maneno mawili matatu ya mnyapara wangu.

Kisa ni cha Bukuru, kijana wa Kasulu anayeandikishwa umanamba, yaani kibarua cha mkataba mashambani, mwaka 1953. Anamwacha nyumbani pacha wake, Butoyi, anakuja kukata mkonge huku kwetu. Anakusanywa na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa 1944 kutafuta vibarua majimbo ya mbali. Katika sura ya saba nilimpandisha treni Kigoma, akalala, akaamka, akafungua macho akaiona milima ya Usambara imesimama dirishani. Sentensi ile niliipenda mno. Niliisoma kwa sauti mara nne dukani, mteja mmoja akadhani naongea na simu.

Mwezi ule nilikuwa nasoma *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 aliyotuletea Ida Hadjivayanis kwa Kiswahili. Yusuf anaondoka kwao kwa treni na mtu anayemwita ami, hajui kwamba baba yake amemweka rehani kwa deni. Nilichokiona mle ni jinsi mtoto anavyoweza kubebwa kama mzigo na bado akafurahia safari. Nikafunga kitabu, nikachukua karatasi, na Bukuru naye akajikuta ndani ya behewa. Sikujiuliza hata mara moja hilo behewa linakwenda wapi.

Aliyejiuliza ni Babu mmoja wa Barabara ya 14, Muha wa Kigoma, aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho. Nilikuwa najua aliwahi kuwa manamba, nikasema leo ndiyo leo. Shikamoo, marahaba, nikamkalisha kwenye stuli, nikamsomea kurasa mbili. Alisikiliza mpaka kwenye milima. Akacheka hadi akakohoa.

"Mjukuu wangu, treni hiyo umeipanda peke yako."

"Kwa nini, Babu?"

"Reli yetu na reli ya Tanga zilikuwa hazijuani. Zimekuja kuungwa tumeshapata uhuru."

Ni kweli. Kipande cha kutoka Ruvu hadi Mnyusi, kinachounganisha Reli ya Kati na reli ya Tanga, kilifunguliwa 1963. Nimemsafirisha Bukuru kwenye reli ambayo ingejengwa miaka kumi baadaye. Na mimi ni mtu wa Tanga, reli nimezaliwa nayo. Aibu hiyo nimeinywa na chai.

Ila Babu hakuondoka. Alisema wao walishushwa Morogoro wakapakiwa lori, wamesimama, wameshikana mabega. Kabla ya Handeni mvua ikanyesha, lori likazama kwenye tope hadi ekseli, wakalala hapo siku mbili. Usiku wa pili wawili walitoroka. Nikamuuliza walikwenda wapi, akasema hata yeye mpaka leo hujiuliza, maana nyumbani kulikuwa mbali na porini kulikuwa na simba. Alisema hayo huku akiikunja ile kopi yake mara nne kama noti.

Nilipofika nyumbani nilifuta sura yote. Milima ya Usambara nayo ikaenda. Sasa Bukuru yuko kwenye lori, na lori liko kwenye tope, na mimi siku ya kumi na mbili leo nashindwa kulinasua. Ninachojua ni kwamba mmoja wa wale wawili lazima amshike Bukuru mkono, amwambie twende. Bado sijajua kwa nini anabaki.

Kitabu cha mezani wiki hii ni *Kuli* cha Adam Shafi, kuhusu wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Nilikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, yaani sikukisoma. Sasa nakisoma kama fundi anavyochungulia mshono wa mwenzake: nataka kuona kazi nzito inaandikwaje bila kumchosha msomaji kabla kibarua hajachoka. Bukuru anatakiwa akate mkonge kutwa, majani 30 kila tita, na kipande chake, yaani kadi yake ya kazi, hakilipwi mpaka zitimie siku 30 za kazi. Huwezi kuandika tita moja baada ya jingine. Wala huwezi kuyaruka.

Halafu kuna tatizo la maneno. Mashine ya kukamulia mkonge huku kwetu inaitwa korona, tangu enzi za mababu. Nina sentensi inayosema, "Mjomba wake aliacha vidole viwili kwenye korona." Nikampa mdogo wangu asome, akauliza ugonjwa ule ulikuwa unakata vidole? Na jina nililotaka kuipa riwaya, *Manamba*, rafiki yangu wa Mombasa ananiambia Wakenya watangoja matatu itokee, maana kwao manamba ni utingo wa matatu. Korona naibakiza, msomaji atazoea. Jina bado nalipigania.

Vingine nilivyotupa mwezi huu: kurasa 11 za mwanzo kuhusu Mjerumani Richard Hindorf na miche yake 62 ya mkonge iliyofika hai mwaka 1893. Habari tamu, lakini Bukuru hakuijua, na kila nilipoisoma nilijisikia nimesimama mbele ya ubao na chaki. Nimetupa pia mlingoti wa mkonge unaochanua mara moja kisha mmea ukafa. Ukipita na basi kati ya Muheza na Hale utaiona milingoti hiyo, na utajisikia mshairi, na huo ndio ubaya wake. Ukitokea mji wa Shaaban Robert, tayari watu wanakutazamia mashairi.

Babu amesema atarudi Alhamisi baada ya alasiri. Alipokuwa anashuka ngazi aliniuliza, huyo kijana wako siku mbili zile porini alikula nini? Nikasema bado sijaandika. Akasema, "Anza na hapo."