Kwa miguu mpaka Kizimkazi: nilivyochagua njia

Nia niliiweka zamani: niende Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kwa miguu, peke yangu, nikasali kwenye ule msikiti ambao maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, kwenye kibla chake yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Kutoka mjini Zanzibar ni zaidi kidogo ya kilomita 50. Mie ni mtu mzima, nina wajukuu, na sikupata kutembea zaidi ya kwenda shamba na kurudi.

Kaka yangu alinipinga. "Dada, safari hazifungwi ila kwa misikiti mitatu." Hadithi hiyo ya Mtume naijua: Makka, Madina na Al-Aqsa. Nikamwambia, "Siendi kuhiji, kaka. Naenda ziara, na njiani nina jamaa wa kuwaamkia." Akanyamaza, kisha akauliza napita wapi. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Wengi walinisifia pwani ya mashariki: nifike Paje, nishike ufukwe mpaka Jambiani, nipite Makunduchi ndipo niingie Kizimkazi. Nzuri kweli, lakini ufukwe ule mwenye amri ni bahari. Maji yakijaa, tena wakati wa bamvua, unasukumwa juu kwenye mchanga mkavu unaokula miguu. Halafu ni mzunguko mrefu, na Paje sina mtu.

Nikachukua karatasi, nikaandika sala tano, nikajiuliza kila moja itanikuta wapi. Masafa haya kwetu wa madhehebu ya Shafii hayafiki yale ya msafiri kupunguza sala, ambayo ni kilomita themanini na kitu, kwa hiyo kila sala kamili na kwa wakati wake. Kwa mwanamke hilo si dogo. Si kila msikiti wa kijijini una mahali petu, na choo huwezi kumuomba kila mtu. Nilihitaji milango ya kupigia hodi: Tunguu kwa mke wa binamu yangu, Unguja Ukuu kwa shangazi ingawa ni kuiacha barabara, Muyuni kwa rafiki niliyesoma naye skuli. Ukiiunganisha milango hiyo unapata barabara kuu: Mwanakwerekwe, Tunguu, Bungi, Jozani, Kitogani, Muyuni. Tena gari za Makunduchi na Kizimkazi zinapita humo kutwa. Goti likigoma, unanyoosha mkono tu.

Niliondoka kipupwe, baada ya Alfajiri, kusi ikinipiga usoni. Nilivaa raba kuukuu zilizokwishauzoea mguu, mafuta ya mgando katikati ya vidole, na mkobani tende, maji na mwavuli. Nilishika upande wa kulia ili magari yanayonikaribia niyaone. Makonda hawakuchoka: "Bi mkubwa, panda, nafasi ipo!" Bungi, chini ya miembe inayosemwa ni ya Bi Khole, binti wa Sayyid Said, nilikaa kuliko nilivyopanga. Kivuli kile, ukitoka kwenye lami ya mchana, huwezi kukiacha upesi. Shangazi alinipokea na beseni la maji ya moto yenye chumvi. "Umeingiwa na nini wewe?" alisema, huku mwenyewe akinikanda nyayo.

Kesho yake msitu wa Jozani ulipita kwa raha, maana matuta yaliyowekwa kuwalinda kima punju yanawapunguza kasi madereva. Kazi ni baada ya Kitogani. Kule ni uwanda, mawe na vichaka, kivuli cha kutafuta. Kipande hicho nilikikata kwa makusudi: Adhuhuri na chakula Muyuni, kisha nilale kidogo jua lipungue.

Dimbani nilifika Alasiri. Jengo kwa sehemu kubwa ni la karne ya 18, na ukisimama nje chini ya paa lake la bati unaweza kulidharau. Nilipokwisha kusali nilisogea kwenye kibla. Herufi zimechongwa kwenye jiwe la matumbawe, mikia yake imesukwa kama ukili. Mzee aliyenifungulia akaniuliza gari langu liko wapi. Nikamuonyesha raba.