L nyekundu katika mji wa Triumph

Fundi aliyekuwa akinitengenezea Boxer yangu pale Msamvu, Morogoro, alibandika ukutani picha ya pikipiki ya Triumph Bonneville aliyoikata gazetini. Hakuwahi kuiona kwa macho, lakini ukimchokoza anakutajia hadi kabureta zake. Nilipopata kazi ya ghala Coventry, mji wa Uingereza zilikotokea Triumph, wenzangu kijiweni walisema naenda kuchota pikipiki kisimani.

Kisima kilishakauka. Triumph ya mwisho ya huku ilitoka kiwandani mwaka 1983. Leo ukisimama jioni katikati ya Coventry, pikipiki utakazoziona sana ni hizi ndogo za cc 125, sanduku la chakula nyuma, herufi L nyekundu ya mwanafunzi mbele na nyuma, na aliyekalia ni Mueritrea, Mbrazili, Mbangladeshi au mimi. Ghala mchana, chakula cha watu usiku.

Hiyo L inapatikana kwa CBT, mafunzo ya siku moja ambayo lazima uyapitie ndipo uruhusiwe kuingia barabarani bila mtihani kamili. Cheti kinadumu miaka 2. Injini isizidi 125, motorway, yaani barabara kuu ya magari ya kasi, usikanyage, abiria usipakie. Nilimweleza mkufunzi kwamba kwetu napakia mshikaki: mama, watoto wake wawili na tenga la nyanya. Akaniangalia, akaniambia leo hayo tuyasahau. Siku nzima ugomvi wetu ulikuwa shingo. Huku kabla hujabadilisha njia unageuka kuangalia juu ya bega, hata kama umeshatazama kioo, hata kama barabara haina mtu wala paka. Sisi Moro tunaendesha kwa honi na kwa rehema za Mungu. Jioni cheti nikapewa, shingo siwezi kuigeuza.

Kama shingo imeelewa somo au la, utaambiwa na A4053, barabara inayozunguka katikati ya mji. Ilikamilika mwaka 1974, enzi ambazo Coventry iliamini kila mtu atakuwa na gari na magari hayo yatatengenezwa hapahapa. Barabara ni fupi, lakini ina makutano 9, na pa kuingilia na pa kutokea pamebanana, kiasi kwamba wewe unayepanda na yule anayeshuka mnagombea kipande kilekile cha lami kwa sekunde chache. Kipilefti cha Msamvu siku ya mnada kina fujo zaidi, ila kule angalau wote tunakwenda polepole.

Habari za baridi sizisimulii, kila aliyeko ughaibuni ameshazisimulia. Niseme chumvi tu. Usiku wa barafu malori ya halmashauri yanapita yakimwaga chumvi barabarani, na chumvi hiyo inakula cheni, boliti na eksozi. Unarudi saa sita usiku, vidole vimekufa ganzi, na bado unatakiwa uimwagie pikipiki maji na kuipaka cheni mafuta, la sivyo asubuhi ina rangi ya kutu. Boxer yangu ilikula vumbi la Dumila miaka yote na haikuzeeka hivi.

Waendesha pikipiki wa Uingereza wakipishana husalimiana kwa kutikisa kichwa, maana mkono wa kulia, ulio upande wa anayekuja, umeshika mafuta. Sisi wa L na masanduku hatutikisiwi. Kuna wanaosema ni ubaguzi. Mimi naona ni dharau tu ya mwenye kikubwa kwa mwenye kidogo, ileile ya dereva wa basi la mkoani kwa bodaboda.

Aliyeanza kunitikisia kichwa ni mzee wa mtaani kwetu. Kisha akaanza kunisimamisha, na tangu aliponisikia nikilitaja neno Bonneville kwa heshima, hajaniacha. Alifanya kazi Triumph ujanani, na historia ya mji huu anaisimulia kwa pikipiki tu, wafalme na mabunge hana habari nao.

Kwake mji unaanza na baiskeli. Mwaka 1885 John Kemp Starley alitoa hapa Coventry baiskeli yake ya Rover: magurudumu mawili yanayokaribia kulingana, na cheni inayozungusha la nyuma. Raleigh na Phoenix zote tulizojifunzia utotoni, mguu umepenyezwa chini ya bomba, ni wajukuu zake. Siegfried Bettmann, Myahudi kutoka Nuremberg, Ujerumani, alikuja Uingereza kijana akitafuta maisha. Alianza kwa kuuza baiskeli, akazipa jina Triumph, akahamia Coventry kulikokuwa na mafundi, na mwaka 1902 kampuni yake ikatoa pikipiki ya kwanza yenye injini ya Minerva iliyotoka Ubelgiji. Yaani pikipiki ya Kiingereza yenye sifa kuliko zote ilianzishwa na Mjerumani kwa injini ya Kibelgiji. Mzee hulisema hilo kwa sauti akiwa baa, hasa wakiwepo wanaolalamika kwamba wageni tumezidi.

Mwaka 1913 Bettmann alichaguliwa kuwa meya wa Coventry. Mwaka uliofuata vita na Ujerumani vikaanza, minong'ono ikaanza, na umeya ukamponyoka, huku jeshi la Uingereza likienda vitani na pikipiki za kampuni yake kwa maelfu. Ninapoisikia habari hii huwa nafikiria wenzangu wenye uraia, wenye nyumba, wenye vyeo makazini, ambao bado wanaulizwa hivi kwenu hasa ni wapi.

Kiwanda kikubwa kilikuwa Priory Street, kwenye mtaa huohuo wa kanisa kuu. Usiku wa 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliupiga mji hadi karibu na alfajiri, kanisa likabaki kuta, kiwanda kikaharibika vibaya. Mwaka 1942 Triumph ikahamia Meriden, kijiji kilicho kama kilomita 10 nje ya mji. Hapo ndipo Bonneville ilipozaliwa, na hapo ndipo mzee alipoingia akiwa kijana.

Mwaka 1973 wenye kampuni walitangaza kwamba Meriden inafungwa. Wafanyakazi wakakataa kutoka, wakashikilia kiwanda na pikipiki zilizokuwa ndani. Mwaka 1975, kwa mkopo wa serikali na kwa kuungwa mkono na waziri Tony Benn, wakaanza kukiendesha wenyewe kama ushirika, mshahara wa wote sawa. Mtanzania ukisikia hivyo unakaa vizuri kitini, maana miaka hiyohiyo kwetu watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Nilimwuliza mzee ilikuwaje. Akasema mwaka wa kwanza watu walifanya kazi wakiimba. Baadaye fundi wa krankshafti akaanza kumtazama mfagiaji siku ya mshahara. Lakini mabepari wangekifunga palepale, akasema, na wao walisukuma hadi 1983. Kiwanda kilivunjwa, pakajengwa nyumba, na mitaa yake inaitwa Bonneville Close na Daytona Drive. Nimewahi kupeleka pizza huko.

Yeye ana Bonneville ya 1970 gereji. Jumamosi moja aliniita niiwashe. Kwanza unafungua mafuta. Kisha kila kabureta, nazo ni mbili, ina kitufe kidogo cha kubonyezabonyeza mpaka petroli ifurike na kukulowesha kidole. Ukibonyeza kidogo haiwaki, ukizidisha inazama. Halafu kiki, kwa uzito wa mwili wote. Ilipokubali, bati za gereji zikatetemeka, na tone la oili likadondoka sakafuni kwenye kipande cha karatasi kilichokuwa kimewekwa tayari. Nikakanyaga gia kwa mguu wa kushoto kama nilivyozoea. Mzee akacheka sana: kwenye pikipiki hii gia iko kulia, breki ya nyuma iko kushoto. Kuiendesha hakuniruhusu, na ni sawa, injini ya 650 na L haviendani.

Siku hiyo nilimpa na mimi habari yake. Alikuwa ananitania kwamba Boxer ni baiskeli iliyojisahau. Nikamwambia Bajaj, hao wa Boxer, ndio wanaounganisha Triumph za 400 kule Chakan, India, tangu 2023. TVS, ambayo kila kijiwe cha bodaboda kinaijua, ilinunua Norton, jina jingine kongwe la pikipiki za Kiingereza, mwaka 2020, na kiwanda chake kiko Solihull, jirani kabisa. Jina la BSA, pikipiki za Birmingham, nalo liko mikononi mwa kampuni ya kundi la Mahindra la India. Majina makubwa ya Midlands, yaani huku katikati ya Uingereza, leo yanalishwa na watu waliotajirika kwa kuwauzia pikipiki wenye shida kama sisi. Hoja hii sijaona mtu akiisema huku, na nadhani ndiyo habari kubwa kuliko zote. Mzee alinyamaza kidogo, akasema bora wao kuliko waliotufungia.

Triumph yenyewe haikufa. John Bloor, mjenzi wa nyumba, alinunua jina mwaka 1983 na kujenga kiwanda kipya Hinckley, ingawa nyingi za kubwa sasa zinaunganishwa Thailand. Hinckley iko njiani kuelekea Leicester kwa sisi tusioruhusiwa motorway ya M69: unapita Wolvey, unapita Hinckley, unashika A47. Naenda kwa ajili ya Belgrave Road. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90, halmashauri ya Leicester iliweka tangazo gazetini kulekule Uganda ikiwasihi wasije. Wakaja, wakaingia viwandani, wakafungua maduka, na leo barabara hiyo ndiyo fahari ya mji. Unaingia mgahawani na kofia ngumu mkononi, kwenye orodha ya vyakula kuna mogo, yaani muhogo, ya pilipili, na mzee wa kaunta akisikia lafudhi yako anauliza, "Natoka wapi wewe? Dar?" Wa juzi alizaliwa Jinja. Tuliongea bei ya muhogo, siasa hatukuzigusa.

Sasa nimejiandikisha mtihani kamili. Sehemu ya kwanza inafanyika uwanjani: kupita polepole katikati ya koni bila kuweka mguu chini, kisha kufikia kilomita 50 kwa saa na kukwepa ghafla. Kukwepa naweza hata usingizini, nimekwepa ng'ombe. Kwenda polepole ndiko kunakonitoa jasho. Mke wangu ameshanunua kofia yake, anasema nikifaulu siku hiyohiyo anapanda nyuma, na mogo ya mimi kulipa.