Huyu hana jina lake?

Jumatatu kijana mmoja aliingia dukani kwangu hapa Mlandege, mjini Unguja, na mfuko wa vikombe vinne na karatasi iliyokunjwa mara tatu. "Shikamoo mama, nataka viandikwe kabla ya Ijumaa." Vilikuwa vya mashindano madogo ya gofu, kule upande wa Mangapwani kwenye uwanja wa mashimo 9. Vilitolewa vitupu siku ya mchezo, sasa vimerudi kutiwa majina.

Nikasoma ile karatasi. Wanaume wote wameandikwa majina yao kamili, mpaka la babu. Mshindi wa wanawake kaandikwa mke wa Bwana Fulani.

Nikamuuliza, "Mwanangu, huyu hana jina lake?"

"Wanamjua hivyo, mama."

Marehemu baba alikuwa sonara, akichora bangili za fedha kwa mkono. Mimi natumia mashine, lakini kazi ni ile ile. Kibati cha shaba upana wake vidole viwili, nakibana, nashusha sindano, na unga mwembamba wa shaba unajikunja pembeni ya kila herufi kama nywele. Herufi ikishaingia haitoki. Ukikosea unatupa kibati unaanza kingine. Ndiyo maana jina silichukulii wepesi.

Tangu nianze kuletewa vikombe vya gofu, nimekuwa nikisoma habari za vikombe vya zamani, na ubingwa wa gofu wa wanawake wa ridhaa, wasiocheza kwa malipo, wa Marekani umenikaa moyoni. Ulianza Novemba 1895, klabu ya Meadow Brook huko Long Island, New York. Walijitokeza wanawake 13. Walicheza mashimo 9, wakala chakula cha mchana, wakamalizia 9 mengine. Kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi, na aliyeshinda alipiga mapigo 132, mawili tu pungufu ya wa pili, akapewa jagi la fedha. Leo mchezaji mzuri anamaliza mashimo 18 kwa mapigo sabini na kitu, lakini yule ndiye bingwa wa kwanza, na hakuna atakayemvua.

Sasa tafuta jina lake. Kwenye orodha za zamani utakuta "Mrs. Charles S. Brown", yaani mke wa Charles S. Brown. Charles hakupiga hata pigo moja siku ile! Mwenyewe aliitwa Lucy, binti wa ukoo wa Barnes. Mimi niliposoma nilisimamisha mashine. Kwetu Unguja na Pemba mwanamke haolewi akaacha jina la baba yake. Anazaliwa binti fulani na anazikwa binti fulani. Nilijisemea basi sisi tumesalimika. Kisha nikakumbuka yaliyonipata mwenyewe, nitayasema.

Mwaka wa pili, 1896, Mskoti mmoja, Robert Cox wa Edinburgh, alitoa kombe la fedha, na mashindano yakawa ya mtoano, mtu kwa mtu. Wa kwanza kulichukua alikuwa Beatrix Hoyt, msichana wa miaka 16, akalichukua tena 1897 na 1898. Kombe hilo lipo mpaka leo. Kombe la kwanza la wanaume wa ridhaa wa Marekani liliungua 1925, klabu ya East Lake kule Atlanta iliposhika moto. Kombe la kwanza la US Open, mashindano ya wazi ya gofu ya Marekani, nalo liliungua 1946 karibu na Chicago. La wanawake limebaki. Kama fundi, natamani siku moja niliguse, nipitishe kidole juu ya zile herufi za zamani.

Na hata humo mna jambo. Glenna Collett alishinda mara tano kwa jina lake, 1922, 1925, kisha 1928 hadi 1930 mfululizo. Akaolewa, akazaa. Mwaka 1935 akarudi akashinda mara ya sita, hakuna mwengine aliyefika hapo, na safari hii akaandikwa Mrs. Edwin H. Vare. Mkono ule ule, jina jengine.

Halafu yupo Ann Gregory, ambaye kombe halimtaji kabisa kwa sababu hakuwahi kuwa bingwa. Mwaka 1956, mjini Indianapolis, alikuwa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kucheza mashindano hayo. Alitolewa raundi ya kwanza. Kila ninapomsoma najiuliza ningeandika nini, na wapi.

Mchezaji wa ridhaa zama zile hakulipwa. Hakupewa hundi wala mkataba. Alichoondoka nacho ni jina kwenye fedha, basi. Ukimnyima hilo umempa nini?

Sasa langu. Miaka kadhaa nyuma nililetewa ngao ya mbio za kinamama. Karatasi ilisema "Mama Fulani", jina la kifungua mimba wake, kama tunavyoitana mitaani kwa heshima. Nikachora hivyo hivyo, sikuuliza. Baada ya mwaka akaja mwenyewe dukani na ngao ndani ya mkoba, kaifunga kwa kanga. Hakugomba. Alisema, "Bibi, mwanangu hakukimbia. Nilikimbia mimi." Nilikata kibati kipya palepale, akanitajia jina lake, la baba yake na la babu yake, taratibu, moja moja. Hapa sitaji, ni lake. Nilipomaliza alipuliza unga wa shaba mwenyewe.

Kwa hiyo yule kijana wa Mangapwani sikumwachia. Nikamwambia kikombe hicho kitasubiri. Akatoka nje barazani, akapiga simu, akarudi na peni. Mama mwenyewe alikuwa hewani, akimtajia jina lake herufi kwa herufi, na kijana akinisomea. Lilikuwa refu. Nilibadilisha sindano nikachukua nyembamba ili lienee lote.