Siku Moja Maishani Mwangu: Jumatatu Baada ya Kelenic Kuondolewa Seattle

Saa kumi alfajiri, 4 Desemba 2023. Nimeamka nikakuta simu imejaa ujumbe: Mariners, timu ya besiboli ya hapa Seattle, wamemtoa mpigaji wao Jarred Kelenic. Habari ilitoka jana usiku nikiwa nimeshalala. Ameenda Atlanta Braves pamoja na mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) Marco Gonzales na mlinzi wa kituo cha kwanza Evan White. Sisi tumepata warushaji wawili, Jackson Kowar na Cole Phillips, na huyo Phillips bado anauguza kiwiko kilichopasuliwa. Nimeisoma tena nikipiga mswaki. Imeniuma.

Saa kumi na moja na nusu. Basi la kutoka Tukwila kwenda Kent, mvua haina dalili ya kukatika. Wasiofuatilia besiboli huniuliza kwa nini mtu wa Mombasa ajali mambo haya. Najali kwa sababu kijana huyu nilimfuata tangu alipokuja. Desemba 2018 Mariners waliwapa New York Mets mrushaji wao hatari Edwin Díaz, aliyekuwa ametoka kurusha mwishoni na kulinda ushindi wa mechi 57 kwa msimu mmoja, pamoja na Robinson Canó na mkataba wake mzito. Katika tuliopewa badala yao, tumaini lilikuwa Kelenic, mtoto wa Waukesha, Wisconsin, mwenye umri wa miaka 19. Hajavaa hata jezi, tayari ameitwa mwokozi.

Saa kumi na mbili. Zamu imeanza. Kikao kifupi cha usalama, kisha foklifti na paleti, kontena baada ya kontena.

Saa tatu, mapumziko ya chai. Hapa ndipo moto ulipowaka. Mzee mmoja wa zamu yetu, mzaliwa wa hapa Seattle, anasema afadhali aondoke. Takwimu anazo kichwani: mwaka 2021 Kelenic alipiga wastani wa .181, yaani mipira mizuri kama 18 tu katika kila majaribio 100, na katikati ya msimu huo akakaa majaribio 39 ya kupiga mfululizo bila kupiga mpira wa kumfikisha kituoni, mpaka akarudishwa Tacoma kwenye timu ya chini. Mwaka 2022 akashuka hadi .141. Na Julai mwaka huu, baada ya kukosa mipira mitatu mbele ya mrushaji wa Minnesota, akapiga teke pipa la maji akavunjika mguu. “Mtu anajivunja mwenyewe,” mzee anasema, “halafu tumsubiri mpaka lini?”

Yote hayo ni kweli. Lakini nikamkumbusha Aprili ya mwaka huu, Kelenic alipobadilisha jinsi anavyopiga na kuwa bora kuliko karibu kila mtu kikosini. Pale Wrigley Field, Chicago, aliupiga mpira futi 482, karibu mita 147, ukaanguka kwenye viti vya katikati. Akamaliza msimu na .253 na homurani (mpira uliopigwa ukavuka uzio) 11. Si nyota, ila kwa mpigaji wa mkono wa kushoto mwenye umri wa miaka 24 huo ni mwanzo. Siku ya pili baada ya kuvunjika alisimama mbele ya waandishi akilia na kuomba radhi kwa wenzake. Mtoto anayeona haya kiasi hicho hajachoka na kazi.

Kijana wa idara ya kupakia akaingilia: mnabishana kuhusu mchezaji, wakati hili ni suala la pesa. Gonzales analipwa dola milioni 12 mwakani, na White bado ana miaka miwili ya mkataba. Kelenic ndiye aliyeongezwa kama kivutio ili Atlanta wakubali kubeba mizigo hiyo. Mzee alinyamaza kidogo. Msimu huu tulishinda mechi 88 na tukakosa mchujo wa kuwania ubingwa kwa mechi moja tu. Timu iliyopungukiwa mechi moja inaongeza wapigaji, na sisi majuma mawili yaliyopita tulimtoa mpigaji Eugenio Suárez, leo tena huyu.

Saa sita mchana. Chakula. Mama mmoja kutoka Bukavu anayefanya kazi meza ya jirani amesikia kelele zetu tangu asubuhi. “Kaka, sasa ule kijana alikubali kwenda?” Nikamweleza kwamba hapa kijana haulizwi. Si kama mpira wa miguu ambako klabu hulipa ada na mchezaji mwenyewe huafikiana na mwajiri mpya. Wengi hupigiwa simu tu kwamba kesho wewe ni wa mji mwingine, na mkataba unakufuata. Akatikisa kichwa. “Walimubadilisha mara mbili, na hana miaka makumi tatu?” Naam, Mama.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza. Kelenic hakupimwa hata siku moja kama Kelenic. Akikosa mpira, watu walimtaja Díaz. Julio Rodríguez, waliyepanda naye kutoka timu za chini, alipong'ara mwaka 2022, kila siku wakalinganishwa. Ni mzigo ambao hakuuomba.

Saa nane na nusu. Zamu imekwisha. Nikiwa basini mzee amenitumia ujumbe: “Atlanta watamtengeneza, kisha tutalia.” Hilo tumekubaliana.

Saa moja jioni. Nimepitia ratiba ya mwakani. Mechi za usiku za Atlanta nyumbani kwao huanza kama saa kumi na dakika ishirini jioni kwa saa za huku, nikiwa nimeshatoka kazini, na za Mariners hufuata muda wa saa mbili na kitu baadaye. Nitawatazama wote wawili.